Tarehe ya Mzigo Inatoka Wapi?

Tuseme leo ni Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025. Karakana ndogo ya kukaanga kahawa mjini Moshi inapigiwa simu na hoteli moja ya Mji Mkongwe, Unguja. Wanataka kilo 120 za kahawa iliyokaangwa, na iwe imefika Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 13. Binti wa mauzo anaingiza oda kwenye kompyuta, anabonyeza, na chini ya skrini inatokea tarehe: 19 Agosti. Mteja anang'aka. "Dada yangu, wiki mbili nzima kwa kahawa tu?" Naye anajibu kwa yale maneno tuliyoyazoea kila penye kaunta: "Mfumo ndio unasema hivyo, kaka."

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya namna hii kwenye maduka, stoo na viwanda vidogo, na jibu hilo huniudhi. Mfumo hausemi kitu. Unajumlisha na kutoa, basi, na kila namba inayotumika iliwekwa humo na mtu mwenye jina na mshahara. Hesabu yenyewe mtu yeyote aliyewahi kufunga safari anaijua.

Huanzia mwisho. Mfumo unaishika tarehe 13 ya hoteli na kurudi nayo nyuma. Moshi hadi Unguja mzigo umepangiwa siku 3: gari mpaka Dar es Salaam, bandarini, kisha boti. Kutoka 13 tunarudi hadi 10, ambayo ni Jumapili, na siku hiyo msafirishaji hapokei mizigo. Turudi Jumamosi tarehe 9. Kabla ya kusafirisha kuna siku moja ya kazi ya kupaki na kubandika lebo. Ijumaa tarehe 8 ni Nane Nane, watu wako mapumziko. Turudi Alhamisi tarehe 7. Kwa hiyo, ili hoteli ipate kahawa Jumatano, kilo 120 zinatakiwa ziwe stoo Alhamisi asubuhi, yaani keshokutwa.

Sasa mfumo unachungulia stoo. Rafuni kuna kilo 150. Mtu anayeziona kwa macho atasema zinatosha na kubaki. Lakini 90 kati ya hizo ni za duka moja la Arusha lililotoa oda wiki iliyopita, na zinaondoka kesho. Waswahili tunasema ahadi ni deni, kisha tunaendelea na mambo yetu. Mfumo umeichukua methali hiyo kama ilivyo na kuifanya safu ya hesabu. Kilichoahidiwa kimeshatoka, hata kama gunia bado limekaa palepale unaligusa. Zimebaki kilo 60.

Hazitoshi, kwa hiyo mfumo unageuza uso na kuanza kwenda mbele. Jumatatu tarehe 11 utatoka mkaango wa kilo 100, salio litapanda hadi 160. Hapo ndipo mimi na wewe tungeahidi, na tungeharibu. Jumatano tarehe 13 kilo 50 zinakwenda kwa mteja mwingine aliyeahidiwa zamani, na salio litashuka hadi 110. Tukiipa Unguja kilo 120 Jumatatu, huyu wa Jumatano atapungukiwa kilo 10 na hatajua kwa nini. Ndiyo maana mfumo mzuri hautafuti siku ya kwanza yenye salio la kutosha. Unatafuta siku ambayo salio linatosha na halitashuka tena chini ya hapo. Siku hiyo ni Alhamisi tarehe 14, mkaango unaofuata utakapotoka na salio kufika 210. Ijumaa kupaki, Jumamosi kupakia, siku 3 njiani: Jumanne tarehe 19.

Binti angekuwa anaijua hesabu hii angemjibu mteja kiungwana: "Kahawa ya kukutosha inakaangwa Alhamisi ya wiki ijayo, kaka. Nikupe kilo 60 zitangulie, zikufikie kabla ya tarehe 13, nyingine zifuate?" Mifumo mingi ina kisanduku cha uamuzi huu. Ukichagua mzigo uende wote kwa pamoja, oda hufuata bidhaa inayochelewa kuliko zote. Ukiruhusu uende kwa mafungu, tarehe inayoonyeshwa huwa ya fungu la kwanza. Nimeona watu wakikilaumu kiwanda kwa kosa la kisanduku hicho.

Hesabu hii ina umri. Kampuni ya SAP, inayotengeneza mifumo ya namna hii, ilianza Ujerumani mwaka 1972, na mwaka 1975 Joseph Orlicky alitoa kitabu chake cha kupanga mahitaji ya malighafi ambacho kimelea mifumo mingi ya viwandani. Leo mifumo kama Odoo au Dynamics inafanya hayo hayo, kila mmoja kwa majina yake.

Mambo huharibika kwenye namba zinazolishwa. Kuna biashara moja nilikuta siku za maandalizi za kila bidhaa zimeandikwa sifuri, kama mfumo ulivyotoka dukani. Kila oda ilikuwa inaahidiwa siku ileile. Mtunza stoo, mzee mmoja makini, alikuwa na kaunta buku lake chini ya meza lenye tarehe za kweli, na wateja wazoefu walishajua kumpigia yeye. Kwingine karibu oda zote zilikuwa zinasogea siku moja mbele bila sababu. Nilihangaika nusu siku. Kumbe aliyeweka saa ya mwisho ya kupokea oda za siku alikusudia saa nane mchana, akaandika 08:00. Kompyuta haijui saa za Kiswahili: kila aliyeagiza baada ya saa mbili asubuhi alihesabiwa ameagiza kesho yake. Tulipoandika 14:00, ugonjwa uliisha.

Sikukuu nazo ni hivyo hivyo. Kalenda isipokuwa na Nane Nane, mfumo utapanga watu wapaki mzigo siku ambayo mlango una kufuli.

Na kule karakana, kama hakuna mkaango wowote uliopangwa? Mifumo mikubwa huteremka ngazi moja na kuuliza malighafi. Kahawa ikikaangwa hupoteza takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito, kwa hiyo kilo 120 zinadai karibu kilo 145 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa. Zipo? Kama hazipo, swali linapanda mlima. Huko Uru, Kibosho na Old Moshi kahawa huvunwa zaidi kati ya Julai na Desemba. Humenywa, huoshwa, huanikwa kwenye vichanja mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi, hupelekwa chama cha msingi, kisha hushuka mjini kukobolewa, na nyingine hupitia mnadani chini ya Bodi ya Kahawa.

Kila hatua hapo ina siku zake, na siku zenyewe hazitulii. Jua likiwaka, kichanja kinamaliza kazi kwa wiki moja au mbili. Vuli ikianguka Oktoba, katikati ya mavuno, mkulima anafunika na kufunua siku nzima, udongo mwekundu wa barabara za juu unateleza kama sabuni, na Fuso linalala njiani. Mfumo umeandikiwa siku 10; utaendelea kusema 10 hata kama mvua haijakatika tangu Jumapili. Wanaouza kahawa ghafi nje wanalijua hili vizuri, ndiyo maana mikataba yao kwa kawaida hutaja kipindi cha kupakia melini, mara nyingi mwezi, na hutaona humo siku ya mzigo kufika.

Ushauri wangu kwa wateja wa Moshi ni kuandika kila njia ya mlimani mara mbili, moja ya kiangazi na nyingine ya mvua, kila moja na siku zake, na kumpa mtu mmoja kazi ya kubadilisha. Baadhi huongeza siku mbili tatu za tahadhari juu ya kila kitu wakaona wamemaliza. Sipendi njia hiyo. Mtu wa mauzo akishagundua kuna siku za ziada zimefichwa, huanza kuzigawa kwa wateja, na baada ya msimu mmoja tahadhari imekwisha bila mtu kutangaza.

Leo jioni, kabla hujafunga, fungua ukurasa wa bidhaa yako inayouzika kuliko zote na utazame siku za maandalizi zilizoandikwa pale. Ukikuta sifuri, kaa na mtunza stoo wako, na mwambie aje na kaunta buku lake.