Mali ya Nyumbani: Tuiandike Tungali Hai



Mali ya wazee wetu ilionekana kwa macho: shamba la minazi, nyumba, mashua, dhahabu ya bibi sandukuni. Mwenyewe alipofariki, jamaa na majirani walijua alichoacha. Mali ya leo imetawanyika na kujificha. Kiasi kiko katika simu, kiasi katika benki, kiasi katika chama cha akiba na mikopo. Kuna hisa, kuna kiwanja cha Kilifi kilicholipiwa nusu, na kuna fedha ambazo kijana aliye Omani au Saudia humtumia kaka yake amjengee. Kwa hivyo yatupasa tujiulize mambo matatu: mali hii yazaaje, ni ya nani, na tukifa itamfikia nani?

Faida yatoka wapi?

Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na kuharamisha riba, na hukumu hiyo imo katika Suratul Baqara, aya ya 275. Zote mbili huleta ziada, lakini mfanyabiashara hununua, humiliki na hubeba hatari ya hasara, ilhali mla riba hudai ziada yake hata mwenziwe akifilisika.

Tutazame vyama vya akina mama. Upatu ambao kila mmoja hupokea kiasi alichotoa hauna neno. Ila chama kikimkopesha mwanachama shilingi 20,000 arudishe 22,000, hiyo ni riba, hata ikiitwa mchango wa chama. Njia ya halali ipo. Chama na kinunue cherehani kwa shilingi 20,000, kikishaimiliki kimuuzie mwanachama kwa 22,000 alipe kwa awamu, bei ikiwa imejulikana tangu mwanzo na isiongezeke akichelewa. Hiyo ndiyo murabaha.

Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zinazofanya kazi kwa misingi ya Sharia, mwaka 2011 ikaja takaful, na mwaka 2023 ikatolewa sukuk ya kwanza, ya kujengea nyumba za bei nafuu. Tushukuru, lakini neno la Kiarabu kwenye bango si fatwa. Tuuombe mkataba, tuusome, na tuulize ni wanazuoni gani wanaousimamia. Na anayeahidi faida ileile kila mwezi, bila kueleza biashara yake ni ipi, tumkimbie.

Ni ya nani?

Magomvi mengi yafikayo kwa masheikh huanzia hapa. Kijana ametuma fedha miaka kumi, kaka amejenga, na hati imeandikwa jina la kaka. Kaka anapofariki, watoto wake huiona nyumba kuwa ya baba yao, na ami yao hurudi kutoka Arabuni hana hata ufunguo. Kila fedha inayotumwa na iwekewe jina lake: ni hiba, ni deni, au ni amana? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, imekuja kuamrisha madeni yaandikwe na yashuhudiwe. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuulinda udugu.

Vilevile, mali ya mke ni ya mke. Mahari yake, dhahabu yake na chumo lake haviingii katika mali ya mume ila kwa ridhaa yake. Mama aliyetoa akiba yake kukamilisha nyumba na aandikiane na mumewe: ametoa zawadi, amekopesha, au ni mshirika? Na kwa wenye nyumba za Mombasa zilizosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, iandikwe wazi kwamba kinachomilikiwa ni jengo peke yake.

Haki ya maskini

Akiba iliyofika nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, ikipitiwa na mwaka wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5. Wapo wanazuoni wa leo wanaokadiria kwa nisabu ya fedha kwa kuwa yawafaa zaidi maskini. Mwenye shilingi 800,000 zilizotimiza masharti hutoa 20,000. Kiwanja cha kujenga makazi hakina zaka. Kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa hutolewa zaka ya thamani yake ya soko kila mwaka. Dhahabu anayojipambia mwanamke kwa kadiri ya ada haina zaka katika madhehebu yetu ya Shafi, lakini iliyowekwa kuwa akiba inayo.

Tukiondoka

Baada ya gharama za maziko, hulipwa madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi kwa asiyekuwa mrithi, ndipo warithi wagawane. Tuchukue mfano wa mtu aliyeacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, wazazi wake wakiwa wametangulia, na mali iliyosafika ni shilingi 3,200,000. Mke hupata thumni, yaani 400,000. Mwana hupata 1,400,000, na kila binti 700,000. Fungu la binti ni fardhi iliyotajwa katika Suratun Nisaa, si hisani ya kaka yake.

Lakini mahesabu haya hayafai kitu ikiwa mali haijulikani. Chama cha akiba humlipa aliyeandikwa katika fomu, na huenda fomu hiyo ilijazwa kabla ya ndoa. Aliyeandikwa, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi, ni mwenye dhamana ya kuwafikishia warithi wote. Akila peke yake, amekula mali ya mayatima. Kukitokea mzozo, Katiba ya 2010 imempa Kadhi mamlaka ya kusikiza mirathi, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kwenda mbele yake. Naye hukumu yake hujengwa juu ya ushahidi.

Basi wiki hii baba na mama wakae na daftari moja. Waandike kila akaunti, kila kiwanja na hati yake ilipo, kila deni wanalodai na wanalodaiwa, amana za watu, na tarehe ya kutoa zaka. Wazitazame upya fomu za warithi. Kisha wamweleze mtu mwaminifu daftari liko wapi. Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba haimfalii mwenye jambo la kuusia alale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa.

Mwenyezi Mungu azitakase mali zetu, azibariki, na asizijaalie kuwa chanzo cha watoto wetu kukatana. Amin.