Umeme Unaoiongoza Mashine ya CNC: Uchaguzi na Ufungaji Wake katika Karakana Ndogo za Dodoma

Mashine ya CNC ni mashine ya kukata au kuchonga ambayo mwendo wa kisu chake hauongozwi na mkono wa fundi bali na namba zilizopangwa katika kompyuta, na asili yake ni Marekani, ambako wazo la John T. Parsons, mtengenezaji wa vipuri vya ndege, liliendelezwa katika chuo cha MIT hadi mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa namba ikaoneshwa hadharani mwaka 1952. Kwa miongo mingi mashine hizo zilikuwa mali ya viwanda vikubwa tu. Tanzania ya leo inazifahamu zaidi kupitia bidhaa zake, kwa maana mteja anayeagiza geti au mlango wa nakshi hulitaja jina la CNC bila kuuliza linasimamia nini, na mjini Dodoma, ambako ujenzi umeongezeka tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, seremala na mwanafunzi wa ufundi wana sababu ya kutamani kujiundia mashine ndogo badala ya kuagiza kubwa kutoka ng'ambo. Fremu ya mashine kama hiyo, iwe ya mabomba ya chuma au ya mbao nzito, haimshindi fundi wa kuchomelea aliyezoea kupima kwa makini. Kinachowashinda wengi ni umeme wa kuiongoza, na mara nyingi huwashinda kwa sababu wameanzia mahali pasipofaa.

Mfumo wa kuongoza una viungo vinne vinavyotegemeana. Kipo kidhibiti, yaani ubao mdogo wa kielektroniki unaosoma maelekezo ya mchoro na kuyageuza kuwa mipigo ya umeme. Ipo draiva, kifaa kinachopokea mipigo hiyo dhaifu na kuitafsiri kuwa mkondo wenye nguvu. Ipo mota inayozungusha skrubu na kuusogeza mkono wa mashine. Na ipo pawa saplai, inayougeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mnyoofu wa volti chache, mnyoofu kwa maana kwamba mkondo wake hauendi na kurudi kama ule wa TANESCO. Mnunuzi asiye na uzoefu huanza na ubao, kwa kuwa ndio unaosifiwa, ilhali mpangilio wenye mantiki ni kuanza na kazi inayokusudiwa, kutoka hapo kuchagua mota, kisha draiva inayoimudu mota hiyo, kisha pawa saplai inayoilisha draiva, na ubao kuuacha mwisho.

Mota inayotumika katika mashine nyingi ndogo ni mota ya hatua, ambayo haizunguki mfululizo kama ya feni bali husogea kwa vituo vilivyo sawa. Iliyo ya kawaida husogea nyuzi 1.8 kwa kila hatua, hivyo hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Ukubwa wake hutajwa kwa upana wa uso wake: NEMA 17 ina uso wa takriban milimita 42, nayo NEMA 23 takriban milimita 57. Ya kwanza inatosha kwa kuchora juu ya plastiki, kuchonga mbao laini au kuendesha leza ndogo, lakini anayekusudia kuchonga mninga, mti mgumu unaopendwa sana na maseremala wa Tanzania, hana budi kuchagua NEMA 23, kwa kuwa mota ya hatua ikizidiwa na mzigo haitoi taarifa yoyote: huruka hatua, mashine huendelea kukata ikiamini iko mahali sahihi, na mbao ya thamani huharibika kimyakimya.

Hapa lipo jambo linalowababaisha hata mafundi umeme wazoefu. Kibandiko cha mota huweza kuandikwa volti 3 na ampea 3, na mtu akadhani kwamba kuilisha kwa volti 36 ni kuiunguza, kumbe volti ya kwenye kibandiko inahusu hali ya mota iliyosimama ikipitisha mkondo wake kamili, huku draiva za kisasa zikiukata na kuuruhusu umeme mara maelfu kwa sekunde ili mkondo usivuke kiwango kilichowekwa. Volti kubwa husaidia mkondo uingie haraka katika koili za mota, na bila hiyo mota hupoteza nguvu mara tu mwendo unapoongezeka. Kwa hiyo kinachopaswa kulindwa ni ampea, nazo hupangwa kwenye draiva.

Draiva ndogo za bei nafuu, A4988 na DRV8825, huchomekwa juu ya ubao na kupangwa kwa kuzungusha skrubu ndogo huku volti ya marejeo ikipimwa kwa multimita. Katika A4988 yenye rezista ya om 0.1, volti 0.8 ya marejeo huruhusu ampea 1, na kwa DRV8825 ya kawaida ampea ni mara mbili ya volti hiyo. Zote mbili zinafaa kwa NEMA 17, na zote zinahitaji bapa la alumini la kupoozea pamoja na feni mara mkondo unapokaribia ukomo wake. Kwa NEMA 23 zinahitajika draiva zinazojitegemea ndani ya visanduku vyao, kama DM542, inayopokea volti 20 hadi 50 na kutoa hadi ampea 4.2, ambayo mkondo wake huchaguliwa kwa swichi ndogo za ubavuni. Jina la TB6600 nalo husikika sana kwa sababu ya bei yake, ila mnunuzi afahamu kwamba visanduku vingi vinavyouzwa kwa jina hilo vina chipu nyingine ndani, na ampea zilizochapishwa juu yake zisichukuliwe kama ahadi. Pawa saplai ya volti 36 na ampea 10 inazitosha mota tatu za ampea 3, kwa kuwa mota zote hazivuti mkondo wake wa juu kwa wakati mmoja, na volti hizo zinaacha nafasi chini ya ukomo wa DM542, nafasi inayohitajika kwa sababu mota inayopunguza mwendo hurudisha umeme nyuma.

Ubao wenyewe ndio unaopaswa kumsumbua mtu kidogo kuliko vyote. Programu ya Grbl, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogseth wa Norway mwaka 2009 na inayotolewa bure, huendeshwa ndani ya Arduino Uno, ubao wenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, na hata hivyo huweza kutoa takriban mipigo 30,000 kwa sekunde. Draiva ikipangwa kugawa kila hatua mara 8, mzunguko mmoja wa mota unahitaji mipigo 1,600. Skrubu inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko itahitaji mipigo 320 kwa kila milimita, na mwendo wa mita 3 kwa dakika utakuwa mipigo 16,000 kwa sekunde, karibu nusu ya uwezo wa ubao huo. Mtu akivutiwa na namba kubwa na kugawa kila hatua mara 32, mwendo uleule utadai mipigo 64,000, ubao utashindwa, na usahihi alioutarajia hataupata, kwa sababu vipande vidogo vya hatua havina nguvu ya kutosha kushinda msuguano wa skrubu na reli. Njia nyingine ni LinuxCNC, programu huria inayotumia kompyuta nzima kama kidhibiti kupitia ile soketi pana ya printa iliyokuwa nyuma ya kompyuta za zamani, na kompyuta ya aina hiyo iliyostaafishwa ofisini ina thamani kubwa karakanani kuliko kwa mnunuzi wa chakavu, ilimradi ipimwe kwanza kama huchelewesha mipigo. Kompyuta mpakato haifai kwa njia hii.

Hadi hapo mashine ya Dodoma haitofautiani na ya mahali pengine popote. Tofauti inaanzia ukutani. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, lakini unaweza kukatika kisu kikiwa ndani ya mbao, ama kwa hitilafu ya gridi ama kwa sababu ya kawaida kabisa kwamba uniti za LUKU zimekwisha, na hatari kubwa haiko katika kukatika kwake bali katika kurudi, kwa kuwa spindo, yaani mota inayozungusha kisu, inaweza kuwaka yenyewe mkono wa mtu ukiwa ndani ya mashine. Dawa yake ni kontakta inayojishikilia: swichi ya sumaku inayofunga kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia na kuachia mara umeme unapokatika, isirudi mpaka mtu aibonyeze tena. Kitufe chekundu cha dharura kiungwe katika sakiti hiyohiyo, kikate umeme wa draiva na wa spindo moja kwa moja, wala kisiishie kutuma ujumbe kwa programu inayoweza kuwa imeganda. Wapo wanaonunua UPS, betri ya akiba ya kompyuta, na kuiunganisha na kidhibiti peke yake, uamuzi unaoonekana wa busara lakini unaoongeza madhara, kwani kidhibiti kitaendelea kuhesabu mwendo ambao mota zisizo na umeme hazikuufanya. Ni afadhali vyote vizimike pamoja, kisha mashine ianze upya kwa kutafuta pembe yake ya mwanzo.

Kutafuta pembe hiyo ni kazi ya swichi za kikomo, zinazowekwa kwenye ncha za kila reli. Ziungwe kwa namna ambayo mkondo hupita wakati wote na kukatika swichi inapoguswa, kwa sababu waya ukiliwa na panya au ukikatika kwa kukunjwakunjwa, mashine itasimama badala ya kugonga mwisho wa reli bila onyo.

Jambo la pili linaloihusu nyanda ya kati ni ardhi yenyewe. Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki udongo hukauka, huku mahali pengi mwamba ukiwa karibu. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, hivyo fimbo ya shaba iliyochimbiwa ili kupeleka ardhini umeme unaovuja huenda ikapimwa vizuri mwezi Februari na isifae mwezi Septemba. Inapasa ichimbiwe kwa kina, au ziwekwe fimbo kadhaa zilizounganishwa, na kipimo kifanyike kiangazi, ambapo hali ni mbaya zaidi. Kisha swichi ya kukata umeme unapovuja ifungwe kwenye sakiti ya karakana, kwa kuwa haitegemei fimbo peke yake. Ukavu huohuo wa hewa huzalisha umeme tuli katika bomba la plastiki la kunyonya vumbi la mbao, umeme unaoweza kuruka hadi kwenye nyaya za kidhibiti, na tiba yake ni waya mtupu wa shaba uliopitishwa katika bomba zima na kufungwa kwenye fremu iliyounganishwa na ardhi.

Katika kufunga nyaya, kanuni inayozaa kanuni nyingine ni kutenganisha umeme wenye kelele na ule unaobeba habari. Kibadilisha masafa, kifaa kinachoongoza kasi ya spindo kubwa, hukata umeme mara maelfu kwa sekunde na kutapakaza mawimbi yanayoweza kusomwa na kidhibiti kama swichi iliyoguswa, na ndiyo maana mashine nyingine husimama bila sababu inayoonekana. Kebo ya spindo iwe na ngao, yaani wavu wa shaba unaozizunguka nyaya zake, na ngao hiyo iunganishwe na ardhi. Nyaya za swichi nazo ziwe na ngao iliyoungwa upande wa kidhibiti tu, zipite njia yake, na zikilazimika kuvuka kebo ya nguvu zivuke kwa pembe mraba. Nyaya zote za ardhi zikutane katika nukta moja badala ya kuruka kutoka kifaa hadi kifaa. Mota isichomolewe kamwe draiva ikiwa na umeme, kosa la sekunde moja linaloweza kuua draiva nzima. Fundi akague pia volti ya mipigo, kwa kuwa draiva nyingi hutarajia volti 5, na kidhibiti cha viwandani kinachotoa volti 24 kinahitaji rezista ya om 2,000 katika kila waya wa mpigo.

Vumbi la Dodoma ni jepesi na hupenya kila mahali, kwa hiyo vifaa hukaa ndani ya boksi la chuma lenye kichujio, ambacho husafishwa mara kwa mara. Mwinuko wa mji, takriban mita 1,120, unahusika kidogo tu: vibadilisha masafa vingi hupimwa uwezo wake kwa mita 1,000, na juu ya hapo hupunguzwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100, kwa sababu hewa nyepesi hupooza vibaya.

Vifaa vingi vilivyotajwa hapa huagizwa Kariakoo au moja kwa moja kutoka China, na elimu ya kuviunganisha iko ndani ya uwezo wa kijana aliyepitia fani ya umeme katika chuo cha VETA au aliyesoma vizuri fizikia ya sekondari, mradi aanze na mota moja juu ya meza, bila kisu, mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu. Upande wa volti 230 ni suala jingine. Soketi, kontakta na fimbo ya ardhi vifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na vipimwe kabla ya draiva ya kwanza kutolewa kwenye boksi lake.