Kulinda Macho Wakati wa Kupatwa kwa Jua



Tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita za mchana, watu waliokusanyika Rujewa, katika wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, waliona mwezi ukiingia katikati ya jua na kubakiza pete ya moto pande zote. Pete ile ilidumu kadiri ya dakika tatu. Arusha hapakuwa na pete. Huku mwezi ulikula sehemu tu ya jua. Miaka sita kabla ya hapo, tarehe 15 Januari 2010, pete kama ile ilionekana Nairobi wakati wa asubuhi. Na wazee wetu walipata kuona kubwa zaidi: tarehe 1 Novemba 1948 jua lilifunikwa lote katika sehemu za Uganda na Kenya, na giza lilipoingia, nyota yenye mkia isiyojulikana ikaonekana angani karibu na jua. Basi jambo hili si geni kwetu.

Sababu yake yafahamika. Mwezi hupita kati ya dunia na jua, na kivuli chake hutuangukia. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, lakini pia li mbali nasi kuliko mwezi kwa kadiri ile ile, kwa hiyo machoni petu hulingana. Mwezi ukiwa mbali kidogo kuliko desturi hauwezi kulifunika jua lote, ndipo tunapoona pete.

Watu wengi hudhani kwamba jua likipatwa hutoa sumu isiyokuwapo siku nyingine. Sivyo. Jua ni lile lile. Tofauti iko kwetu sisi. Siku zote mtu akiinua uso kulitazama jua, macho humuuma kwa ukali wa nuru, naye hugeuka mara moja. Lakini sehemu kubwa ya jua ikifichwa, mwangaza hupungua, mboni hupanuka, na mtu huona raha kutazama. Kumbe ule ukanda mwembamba uliobaki wawaka kwa ukali ule ule wa jua zima, nao waingia kwa mboni iliyofunguka.

Kila mtoto aliyewahi kuchezea kioo cha kukuzia ajua jinsi kinavyokusanya miali ya jua mpaka karatasi ikaungua. Ndani ya jicho mna lenzi ifanyayo kazi hiyo hiyo, nayo huielekeza miali kwenye utando ulio nyuma ya jicho, uitwao retina. Jambo la kuogofya ni kwamba utando huo hauna maumivu. Waweza kuungua na mtu asisikie lolote. Saa kadha baadaye, au kesho yake, huona doa jeusi katikati ya kila kitu anachokitazama: akisoma, herufi ile ile anayoitaka ndiyo isiyoonekana. Wengine hupata nafuu baada ya miezi. Wengine doa hilo hukaa nao maisha, na hakuna dawa iliyothibitika ya kuliondoa. Kwa mtoto anayeanza kusoma, hasara hiyo haina kipimo.

Sasa natazama vyombo ambavyo watu huvitumaini. Kioo kilichopakwa masizi, picha ya eksirei, miwani nyeusi ya dukani, mkanda wa picha: vyote hivi hupunguza nuru ionekanayo, lakini miali mingine yenye kuunguza hupenya. Kuangalia jua ndani ya beseni la maji, ambako wengi wetu tulifundishwa nyumbani, nako si salama. Kioo cha mafundi wa kuchomelea vyuma chafaa kikiwa cha namba 14. Vya namba ndogo havitoshi. Miwani iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hii hupigwa chapa ISO 12312-2, nayo ikiwa na mkwaruzo au tundu itupwe. Ukivaa miwani hiyo, usitazame kwa darubini hata kidogo. Nawaambia hasa vijana wetu wanaoongoza wageni mbugani na mlimani, kwa maana darubini hukusanya joto la jua na kuichoma miwani yenyewe na jicho kwa nukta chache.

Njia iliyo bora haigharimu kitu. Toboa karatasi nene kwa pini, lipe jua mgongo, uache nuru ipite katika tundu na kuangukia karatasi nyeupe. Karatasi zikiwa mbali kwa meta moja, utapata jua dogo la upana wa milimita tisa, nalo litaonekana limeliwa kama lilivyo juu. Chini ya mti wenye majani mengi nafasi za majani hufanya kazi hiyo zenyewe, na ardhi hujaa vijijua vingi kama kucha.

Kwa darasa zima, nasifu kioo cha kujitazamia. Kifunike kwa karatasi yenye tundu la nusu sentimeta, kiweke nje juani, na nuru yake irushwe ndani ya chumba chenye giza. Ukuta ukiwa mbali kwa meta kumi, jua litaonekana na upana wa sentimeta tisa, na watoto sitini wataliona pamoja. Mwalimu aangalie tu mtoto yeyote asikodolee kioo chenyewe.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litafunikwa lote huko Misri, Saudi Arabia na Somalia ya kaskazini. Walio katika njia ya kivuli kile wataweza kutazama kwa macho matupu kwa zile dakika chache ambazo jua lote limefichwa. Arusha sehemu tu itafunikwa, kwa hiyo kwetu hakuna hata nukta moja ya ruhusa hiyo. Litakuwa mchana, na jua litakuwa juu upande wa kaskazini, upande wa Meru. Agosti ni mwezi wa mawingu huku kwetu. Wingu jepesi likipita mbele ya jua, jua huonekana pole kama mwezi, na wakati huo ndipo mtu huvua miwani. Asiivue, maana wingu laweza kupasuka ghafula.