Tani ya chumvi, gramu 30 za madini joto: Hesabu ambayo kila mzazi anaihitaji

Chukua pakiti ya chumvi iliyoko jikoni, kisha boksi la vidonge alivyopewa mama mjamzito kliniki. Utakuta herufi ndogo: g, mg, mcg. Wazazi wengi huziruka wakiamini zinamhusu mfamasia. Lakini kati ya mg na mcg kuna tofauti ya mara 1,000, na mwenye kijiko cha dawa mkononi usiku wa manane ni wewe, si mfamasia.

Ngazi nne tu

Tani moja ni kilo 1,000. Kilo moja ni gramu 1,000. Gramu moja ni miligramu 1,000 (mg), na miligramu moja ni mikrogramu 1,000 (mcg, au µg). Ukishuka ngazi moja, zidisha kwa 1,000. Ukipanda, gawanya kwa 1,000. Basi.

Wakazi wa Biharamulo wana mfano mzuri karibu nao. Mgodi wa Tulawaka, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2005 na kuchukuliwa na STAMICO mwaka 2013, hupima utajiri wa mwamba kwa gramu za dhahabu katika kila tani. Tani nzima ya mawe inasagwa ili zipatikane gramu chache.

Madini joto kwenye chumvi hupimwa kwa namna hiyohiyo. Tuseme chumvi ina miligramu 30 za madini joto katika kila kilo. Hiyo ni sawa na gramu 30 katika kila tani. Sasa shuka hadi mezani: gramu moja ya chumvi hiyo ina mikrogramu 30. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichojaa. Gramu 5 mara 30 ni mikrogramu 150, na hicho ndicho kiasi cha madini joto anachohitaji mtu mzima kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji 250.

Kiasi ni kidogo, lakini kukosekana kwake si jambo dogo. Mama akipungukiwa sana na madini joto wakati wa ujauzito, ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika, na hasara hiyo hairudishwi baadaye. Mtu mzima anaweza kuota rovu shingoni.

Ngara, 1994

Wenyeji wa Ngara wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa takribani siku moja na kambi ya Benaco ikaanza. Hebu tupige hesabu ya umati wa namna hiyo. Ukimpa kila mtu gramu 400 za nafaka, unahitaji tani 100 kwa siku. Ukimpa gramu 5 za chumvi, ni tani moja na robo. Na madini joto, mikrogramu 150 kwa kila mmoja? Ni gramu 37.5 tu kwa watu wote 250,000, kama uzito wa vijiko vitatu vya chakula vya sukari. Nafaka huja kwa malori mengi, lakini madini joto ya watu wote hao yangeenea kwenye kiganja kimoja.

Nyumbani kwako

Twende kwenye dawa. Paracetamol kwa mtoto hupimwa kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 80 hadi 120. Chupa nyingi za dawa ya maji zimeandikwa 120 mg katika 5 ml, kwa hiyo mililita 5 zinamtosha. Lakini zipo zenye 250 mg katika 5 ml. Kijiko kilekile kingempa zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Na kidonge cha mtu mzima cha 500 mg ni zaidi ya mara nne.

Kumbuka pia kwamba ml si mg. Mililita ni ujazo wa dawa kwenye kijiko. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe iliyomo.

Kwa mjamzito, boksi moja linaweza kuandikwa asidi ya foliki 0.4 mg, jingine 400 mcg. Usishtuke kwamba la pili lina nguvu mno. Zidisha 0.4 kwa 1,000: ni kiasi kilekile.

Kwa hiyo, unapokwenda duka la dawa, nenda na kadi ya kliniki yenye uzito wa karibuni wa mtoto. Uliza maswali mawili: miligramu ngapi, katika mililita ngapi? Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa, si kijiko cha chai.

Chumvi nunua iliyoandikwa kuwa ina madini joto, uiweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, unyevu na moto, kwa sababu madini hayo hupotea. Na mwanao wa shule ya msingi akiletewa hesabu za vipimo, mpe pakiti hiyo aisome. Mwambie akutafutie: kwenye kilo moja ya chumvi hii, mikrogramu ngapi za madini joto?