Chipukizi kwa nyota: Kwa nini mashabiki hugawanyika klabu inapotoa vijana ili ipate mchezaji mkubwa

JUMAMOSI jioni, wafanyabiashara wa soko la Tala wanapoanza kufunga vibanda vyao, kumbi za kutazamia soka ndizo huanza kujaa. Katika mji huu wa Kaunti ya Machakos, ulio kwenye barabara ya kutoka Nairobi kwenda Kangundo, ubishi kuhusu Arsenal, Manchester United, Chelsea au Gor Mahia hauhitaji kuchochewa.

Hata hivyo, hakuna ubishi unaopandisha joto kama ule wa msimu wa uhamisho, hasa klabu inapoamua kumwachilia kijana anayeinukia ili ijipatie nyota aliyekwisha kukomaa.

Wapo wanaoshangilia kwa kauli ya ‘mgeni njoo, mwenyeji apone’. Wapo pia wanaonung’unika na kukumbusha wenzao wasiache mbachao kwa msala upitao. Pande zote mbili huwa na hoja, na historia ya michezo imewahi kuzipa zote ushindi.

Ili kuelewa chanzo cha mgawanyiko huu, ni vyema kuanzia mbali kidogo, nchini Marekani, ambako biashara ya kubadilishana wachezaji hufanywa waziwazi kuliko kwingineko.

Katika besiboli ya huko, kwa kawaida klabu haimnunui mchezaji kwa fedha kama ilivyo katika kandanda. Humtoa mchezaji ili ipewe mchezaji. Mwaka 1976, klabu ya Oakland Athletics ilipojaribu kuwauza nyota wake watatu kwa jumla ya dola 3.5 milioni, kamishna wa mchezo huo wakati huo, Bowie Kuhn, alibatilisha mauzo hayo akisema hayakuwa kwa manufaa ya besiboli.

Kwa sababu hiyo, sarafu kuu katika soko hilo ni vijana. Klabu inayowania ubingwa huwatoa chipukizi wake kwa klabu iliyokata tamaa ya msimu, nayo hupewa nyota. Anayetafutwa zaidi huwa mrusha mpira, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji wa upande pinzani. Mrushaji mahiri anaweza kuamua mechi karibu peke yake.

Thamani ya kijana hutokana na kanuni za mkataba. Mchezaji anayeingia ligi kuu ya besiboli hubaki chini ya himaya ya klabu kwa takriban miaka sita ya utumishi kabla ya kuwa huru kuchagua aendako. Katika miaka ya mwanzo mshahara wake huwa mdogo ukilinganishwa na wa nyota. Kwa hivyo, anayemtoa kijana hutoa miaka mingi ijayo ili apate miaka michache ya sasa.

Mifano miwili inatosha kuonyesha jinsi mizani hiyo inavyoweza kuegemea upande wowote.

Mnamo Agosti 1987, klabu ya Detroit Tigers ilimhitaji mrushaji wa kuivusha katika miezi ya mwisho ya msimu. Ilimchukua Doyle Alexander, aliyekuwa na umri wa miaka 36, kutoka Atlanta Braves, nayo ikamtoa kijana wa miaka 20 aliyeitwa John Smoltz.

Alexander alishinda mechi tisa bila kupoteza hata moja, na Detroit ikatwaa ubingwa wa kundi lake. Mashabiki walikuwa na kila sababu ya kusherehekea, ingawa timu hiyo iling’olewa katika hatua iliyofuata.

Smoltz naye alikua. Alisaidia Atlanta kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1995, akatuzwa mrushaji bora wa ligi yake mwaka uliofuata, na mwaka 2015 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Hadi leo, mashabiki wa Detroit hutajiwa jina lake kila wanapozungumza kuhusu biashara ya haraka.

Mfano wa pili una mwisho tofauti. Mnamo Desemba 2016, Boston Red Sox iliwatoa chipukizi wanne, wakiwemo Yoan Moncada na Michael Kopech waliosifiwa mno, ili kumpata mrushaji Chris Sale kutoka Chicago White Sox. Miaka miwili baadaye, Boston ilitwaa ubingwa wa taifa, na Sale ndiye aliyerusha mpira wa mwisho uliokamilisha ushindi huo dhidi ya Los Angeles Dodgers.

Baadaye Sale aliandamwa na majeraha, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2020. Hata hivyo, ni vigumu kumshawishi shabiki wa Boston kwamba klabu yake ilikosea. Kombe liko kabatini, na kabati halisahau.

Katika kandanda, mabadilishano ya namna hii ni nadra. Sababu kubwa ni kwamba mwanasoka hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Ni lazima akubaliane na klabu mpya kuhusu mshahara na muda wa mkataba. Wachezaji wengi wa besiboli hawana uwezo huo, na mtu anaweza kuamka Boston akaambiwa kwamba kuanzia leo yeye ni wa Chicago.

Yapo lakini yaliyowahi kutokea, na wapenzi wa Chelsea wanaokusanyika katika kumbi za Tala wanalo la kukumbuka.

Mnamo Januari 2011, klabu hiyo ya London ilimsajili beki David Luiz kutoka Benfica ya Ureno. Mbali na fedha, Chelsea ilimtoa kiungo kijana Nemanja Matić kama sehemu ya bei. Wakati huo ni wachache waliolijua jina lake.

Luiz alikuwa miongoni mwa walioiwezesha Chelsea kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Upande wa ‘mgeni njoo’ ukawa umeshinda hoja.

Lakini Januari 2014, Chelsea ilirudi Benfica na kumnunua Matić yuleyule kwa takriban pauni milioni 21. Klabu ililipa ghali kukipata kitu ilichowahi kukitoa kama nyongeza. Matić naye aliisaidia kutwaa Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2015 na 2017. Upande wa ‘usiache mbachao’ nao ukapata la kusema.

Humu nchini, mizani ni tofauti kabisa. Klabu za Kenya ni nadra kukaa mezani na kubadilishana kijana kwa nyota. Zaidi ni kwamba anayeng’aa huondoka, na klabu hulazimika kumtafuta wa kujaza pengo kwa kiasi chochote kile kilichobaki mfukoni.

Mashabiki wa Gor Mahia wanaielewa hali hii. Mwaka 2015, K’Ogalo walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya bila kushindwa hata mechi moja, huku mshambulizi Michael Olunga, aliyekuwa na umri wa miaka 21, akifunga mabao 19 ya ligi. Msimu uliofuata alikuwa Sweden, akiichezea Djurgården. Taji la 2016 lilikwenda kwa Tusker.

Olunga hakusimama hapo. Alipita Uchina na Uhispania, ambako aliifungia Girona mabao matatu katika mechi moja ya ligi Januari 2018, kisha akaenda Japani. Mwaka 2020 aliifungia Kashiwa Reysol mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya nchi hiyo, kabla ya kuhamia Al-Duhail ya Qatar.

Shabiki wa Gor Mahia aliyemtazama akiyapata mafanikio hayo kwenye runinga alikuwa na hisia mbili kwa wakati mmoja: fahari ya kuwa kijana ni wa nyumbani, na uchungu wa kujiuliza ingekuwaje kama angebaki hata misimu miwili zaidi.

Uchungu huwa mkali zaidi mchezaji anapokwenda kwa mpinzani. Mnamo Juni 2018, Gor Mahia iliichapa Simba ya Tanzania 2-0 mjini Nakuru katika fainali ya kombe la SportPesa, na Mnyarwanda Meddie Kagere akawa mmoja wa wafungaji. Muda mfupi baadaye, Kagere alijiunga na Simba hiyohiyo. Katika msimu wake wa kwanza alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, akiwa na mabao 23.

Kwa upande mwingine, nyota anapowasili, shangwe huja kwanza na maswali hufuata. Januari 2019, Gor Mahia ilimsajili Dennis Oliech, aliyewika Ufaransa na Nantes na Auxerre na kuwa nguzo ya Harambee Stars kwa miaka mingi. Mashabiki walifurika kwa furaha. Lakini umri ulikuwa umesonga, na pande hizo mbili ziliachana kabla ya mwaka huo kumalizika.

Funzo hapa si kwamba nyota hana faida. Ni kwamba bei yake hupimwa kwa jina alilolijenga jana, ilhali klabu inahitaji miguu ya kesho.

Mbona basi klabu zisikatae tu kuwaachilia vijana? Jibu liko katika mkataba na mfuko. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ana uhuru wa kuondoka bila klabu yake kulipwa ada ya uhamisho. Klabu isiyo na mdhamini wa kudumu huona vigumu kumpa kijana mkataba mrefu, kwani haijui kama itaweza kumlipa. Mwaka 2019, SportPesa ilipoondoa udhamini wake kwa Gor Mahia na AFC Leopards, klabu hizo kongwe zilijikuta zikihangaika kulipa mishahara, na baadhi ya wachezaji wakaondoka.

Ikiwa klabu kubwa za Nairobi huumia hivyo, vipi timu za mitaani za Tala, Kangundo na Matungulu, ambako kijana huanza kupiga mpira kabla ya kujulikana na yeyote?

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la ushabiki na kuwa la haki. Kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), zilizofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2001, zinatambua kwamba nyota hakuota kama uyoga. Zimeweka njia mbili za kumlipa aliyemlea.

Ya kwanza ni fidia ya mafunzo, ambayo hudaiwa kijana anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, au anapohama nchi kabla ya umri wa miaka 23 kupita.

Ya pili ni mgao wa mshikamano. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, hadi asilimia 5 ya ada hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomfunza kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia miaka 16 una asilimia 0.5.

Asilimia hizo zinaonekana ndogo hadi zinapowekwa kwenye mizani. Mwaka 2013, Victor Wanyama aliuzwa na Celtic ya Scotland kwa Southampton ya Uingereza kwa pauni milioni 12.5. Katika ada ya kiasi hicho, klabu iliyomlea mchezaji kwa misimu minne, kuanzia umri wa miaka 12 hadi 15, hustahili pauni 125,000. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka huo, hizo ni zaidi ya Sh15 milioni. Kwa timu ya kijijini, hizo ni fedha za uwanja, mipira na nauli kwa miaka mingi.

Kikwazo ni stakabadhi. Haki hizi ni za klabu zilizosajiliwa chini ya shirikisho la taifa, na kwa wachezaji walioandikishwa rasmi msimu baada ya msimu. Rekodi hizo ndizo huunda pasipoti ya mchezaji, inayoonyesha alikokuwa kila mwaka. Tangu Novemba 2022, FIFA imekuwa ikizipitisha malipo haya katika kituo maalumu jijini Paris, ambacho hutegemea kumbukumbu za kielektroniki za mashirikisho.

Nchini Kenya, vijana wengi hukomaa katika timu za shule na za mitaa ambazo hazijawahi kumwandikisha mchezaji popote. Kocha humnunulia mtoto viatu, humlipia nauli na kumsihi asiache masomo, lakini jina lake halimo katika daftari lolote. Mtoto huyo akiuzwa Ulaya miaka kumi baadaye, kocha hubaki na picha ukutani.

Kwa hivyo, mashabiki wa Tala wanapobishana kama klabu fulani ya mbali ilifanya vyema kumtoa chipukizi wake, wanabishana kuhusu jambo lililo karibu nao kuliko wanavyodhani. Boston ilipowatoa vijana wanne, ilipata mrushaji. Benfica ilipompoteza Matić, ililipwa mamilioni. Timu ya mtaani inapompoteza kijana wake bila rekodi, haipati nyota wala shilingi.

Tiba yake si ghali: kusajili timu, kumwandikisha kila mchezaji kuanzia umri wa miaka 12, kuweka nakala za vyeti vya kuzaliwa na kuhifadhi orodha za kila msimu. Ni kazi isiyo na shangwe, na hakuna anayeifanyia sherehe ukumbini siku ya Jumamosi. Lakini ndiyo inayoamua kama kijana anayepiga mpira leo kwenye vumbi la Tala atakapouzwa kesho, kuna chochote kitakachorudi pale alipoanzia.