Joto Lisilo na Mwenyewe

Husemwa kwamba pengwini wakubwa kupita wote, wale wa Antaktika, huishinda baridi kwa sababu wanapendana. Ushahidi unaonyesha jambo geni zaidi: wanaweza kuokoana hata kama kila mmoja anajitafutia nafuu yake. Jike hutaga yai moja kati ya Mei na Juni, kipupwe kikianza huko, akamwachia dume na kwenda baharini kula kwa takriban miezi miwili. Dume hulibeba juu ya miguu, limefunikwa na mkunjo wa ngozi ya tumbo. Hadi jike arudi, dume huwa amekaa bila chakula karibu miezi minne na kupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Madume waliotenganishwa na wenzao walikonda haraka zaidi. Ndiyo maana hubanana, hadi kumi katika mita moja ya mraba, na katikati yao joto limepimwa likafika nyuzi 37.

Nani basi hukaa katikati? Hakuna anayedumu hapo, maana joto hilo ni kali hata kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kila baada ya sekunde 30 hadi 60 hatua za sentimita chache hupita kundi zima kama wimbi. Wanaopigwa na upepo nao huzunguka wakajibanze upande wa pili. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Merced, walilipigia jambo hili hesabu wakichukulia kwamba kila ndege anajijali mwenyewe tu. Joto likagawanyika karibu sawasawa.

Msomaji atauliza: huo ni ushirikiano au ubinafsi uliobahatika? Kwangu, kinachoamua si nia bali kama kitu kinaweza kuhodhiwa. Jamaa zao wa karibu, wanaozaliana kwenye visiwa vyenye baridi nafuu, hulinda kila mmoja kieneo chake na kumdonoa jirani anayesogea. Hawa wa kwenye barafu hawana kiwanja cha kugombea. Lakini pia kuna majike waliopoteza vifaranga wanaopora wa wenzao, kisha mara nyingi huwatelekeza. Wanaotaka kuwaona pengwini kama malaika hawapendi kulitaja hilo, ilhali linakubaliana na hoja yangu: joto la kundi halishikiki, kifaranga anashikika, na ugomvi huanzia hapo.