Kipa, usishindane na shuti!

MSOMAJI wangu, siku ukinipa mkono mtaani usishtuke ukigusa kidole kilichopinda kama ndoano. Hicho ni kumbukumbu ya penalti niliyoipangua nikiwa kidato cha nne. Leo nakusimulia ili na wewe yasije yakakukuta.

Ilikuwa mechi ya mtaa kwa mtaa, dau kreti la soda. Mimi golini. Jamaa mmoja mwenye miguu kama magogo akautenga mpira, akarudi nyuma, akaufumua. Nikajisemea, leo hapiti mtu! Nikanyoosha mikono, nimeikaza kama ukuta. Mpira haukuingia kweli, watu wakashangilia. Mimi nipo chini, machozi yananilenga. Kidole kimehama!

Wiki tatu baadaye nikaingia kwenye mtihani wa fizikia na bandeji yangu. Kufungua karatasi, nakutana na swali: kwa nini kipa hurudisha mikono nyuma anapodaka mpira? Nilitaka kucheka, nikashindwa. Jibu nilikuwa nimelikariri siku nyingi. Kichwani lilikuwepo, ila mikononi halikuwa limefika.

Jibu lenyewe ndilo hili. Kitu kinachotembea kina momenta, yaani kilo zake ukizidisha kwa mwendokasi. Isaac Newton, Mwingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1687, ndiye aliyetuonyesha kwamba nguvu ya kukisimamisha inategemea pia muda unaotumia. Muda mfupi, kipigo kikubwa. Muda mrefu, kipigo kidogo.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie! Mpira wa watu wazima una gramu kati ya 410 na 450. Tuseme ni 430, na unakuja kwa mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa, mwendo wa basi la mikoani. Ukiusimamisha ghafla, kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, mikono inapokea wastani wa nyutoni 1,075. Hiyo ni kama kutwishwa kilo 110, zaidi ya gunia la mahindi! Ukirudi nao nyuma, muda ukawa mara tano, nguvu inashuka hadi nyutoni 215, kama ndoo kubwa ya maji. Shuti ni lilelile bwana.

Na si makipa peke yao. Dada zetu wa netiboli huvuta pasi kali hadi kifuani. Ukitua kutoka juu baada ya kupiga kichwa, kunja magoti, usitue umesimama wima kama mlingoti. Hata sponji ya glavu za ngumi inabonyea kwa sababu hiyohiyo, ili konde lisiishe kwa mara moja.

Sasa mdogo wangu naye kaanza kudaka. Kumweleza hesabu hataki, anasema mimi ni mzee wa zamani. Jumamosi nikachukua mayai matatu jikoni, nikamrushia moja moja. La kwanza likapasuka viganjani, la pili likamwagikia fulana. Mama akaanza kufoka. La tatu, kijana akalipokea akirudi nalo nyuma polepole, kama anambembeleza mtoto.

Halikupasuka. Mama tukamrudishia yai lake, na mdogo wangu akaenda mazoezini na vidole vyake vyote kumi vimenyooka.